Usishushe dunia nzima juu ya faili moja

Kila msimu wa projekti za mwaka wa nne naona kitu kimoja hapa Gakindu. Msee amerudi home wikendi kutoka Kimathi ama Karatina, ameingia saiba na laptopu, anataka Wi-Fi. Anashusha nini? TeX Live yote, gigabaiti kadhaa! Msimamizi alisema marejeleo yawe ya APA, na LaTeX ikamwambia hiyo staili haipatikani.

Mimi naona huo ni upotevu wa doo. Staili ya marejeleo ni kitu kidogo sana. Za BibTeX, ile programu Oren Patashnik alitoa 1985, huwa faili moja ya maandishi matupu inayoishia na .bst. Kilobaiti chache tu, hata picha ya WhatsApp inaweza kuishinda uzito. Iweke folda moja na kazi yako, andika jina lake ndani ya \bibliographystyle bila hiyo .bst, imeisha hiyo.

APA ya sai, toleo la 7, inataka kazi kidogo. Utahitaji pakeji ya biblatex-apa, na hiyo haielewani na BibTeX, inataka biber. Kama uko na TeX Live ndogo, fungua terminali uandike:

tlmgr install biblatex biblatex-apa biber

Ikilalamika kuna faili ingine haipo, itakutajia jina. Ongeza hiyo pekee. Wenye MiKTeX kwa Windows mmebahatika, hiyo huuliza yenyewe kama ilete pakeji inayokosekana.

Halafu kuna wale wanaofuta kila kitu na kuanza upya juu marejeleo hayatokei, na kumbe pakeji iko. Hujarun biber tu! Run LaTeX, kisha biber, kisha LaTeX tena mara mbili. Bila hiyo, mahali pa jina la mwandishi na mwaka utaona ule ufunguo uliompa kitabu, umekolezwa wino.

Lakini lawama si za wanafunzi peke yao. Idara inaweza kukutumia PDF ndefu ya kueleza koma inakaa wapi na mabano yanafungwa wapi, halafu faili yenyewe haitumi. Mtu mmoja anayejua LaTeX pale ofisini angeiandaa mara moja, ikae kwa grupu ya darasa. Kabla ununue bando, muulize msimamizi kama wako nayo. Wakiwa hawana, waambie waitengeneze.