Sanaa Isibaki Kwenye Ratiba Tu

Mtaala wa mwaka 2023 umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake katika shule za msingi. Tunauunga mkono kwa moyo wote. Lakini kipindi kisicho na ngoma, rangi wala fundi ni jina tu ubaoni.

Shule za Kiranjeranje, hapa wilayani Kilwa, zisisubiri vifaa kutoka Dar es Salaam. Misitu ya Kilwa ina mpingo, mti unaochongwa klarineti huko Ulaya. Mtoto aliyekulia jirani nao anastahili kuusikia ukilia. Wazazi wasikiite kipindi hiki upuuzi: humo mwenye haya hujifunza kusimama mbele za watu. Na pwani hii haikosi wasusi wa mikeka, wapiga ngoma na wachongaji. Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa iwaite darasani, wafundishe bega kwa bega na walimu, na iwalipe kama inavyomlipa fundi wa madawati.