Eti daktari apimwe na tabia?

Wadau wa Ifakara, Mlimba, Malinyi hadi Mahenge, hebu tuliongee hili. Mgonjwa akifokewa tu hospitali, kijiweni utasikia: "Hawa wapimwe tabia kabla ya kuajiriwa!"

Wenzetu wamejaribu. Chuo cha McMaster, Kanada, kilibuni usaili wa vituo 10, kila kituo dakika chache na kisa chake; utafiti wao ulitoka 2004. Uingereza iliwapa wahitimu mtihani wa visa vya kazini kuanzia ajira za 2013, halafu kwa ajira za 2024 ikauondoa kwenye vigezo vya kupanga vituo.

Sisi je? Kuingia udaktari ni fizikia, kemia na baiolojia ya fomu siksi. Ukimaliza, kwa miaka mingi ajira za TAMISEMI zilikwenda hivi: unaomba mtandaoni, vyeti vinaangaliwa, siku moja jina linatoka kwenye PDF na kituo chako. Hakuna aliyekuuliza kama utaweza kukaa Mlimba masika, barabara ikiwa tope tupu.

Na tatizo lipo jamani. Utafiti wa Korogwe na Muheza uliochapishwa 2014 uliwahoji akina mama wakitoka kujifungua: asilimia 19 walisema walinyanyaswa. Baadhi yao walipohojiwa tena wiki kadhaa baadaye, wakiwa nyumbani, ikawa 28. Nadhani pale mlangoni watu waliogopa. Ingawa, tuseme ukweli, daktari au nesi akiachwa zamu peke yake siku tatu mfululizo, hata mpole atafoka. Hilo mtihani hauponyi.

Ila dodoso la "unapenda kusaidia watu?" mimi silitaki. Nani atajibu hapana, kwa njaa hii ya ajira? Mwaka 2017 Magufuli aliajiri madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda kufanya kazi Kenya. Watu walikuwa tayari kuvuka mpaka, sembuse kudanganya kwenye karatasi!

Mpeni kisa. Saa nane usiku, umeme umekatika, mama anavuja damu, ndugu wanapiga kelele dirishani, gari la wagonjwa liko mbali. Unaanza na nini? Ndugu unawaambia nini? Aulizwe kwa Kiswahili, maana ndicho atakachoongea wodini. Na kwenye meza ya usaili akae nesi mzoefu, sio maofisa watupu. Yeye ndiye anayejua daktari gani huzima simu usiku.