Mtoto Mmoja, Koo Mbili, Ubatizo Mmoja



Sisi waseminari tunapokwenda likizo na kusaidia mafundisho ya ubatizo parokiani, tunakutana na jambo hili mara kwa mara: mtoto ana afya njema, wazazi wako tayari, lakini ubatizo unasogezwa mbele mwezi hadi mwezi. Upande wa baba una jina lake, upande wa mama una lake. Bibi mmoja ni Mkatoliki, mwingine Mlutheri, na kila mmoja anaogopa kwamba mjukuu atachukuliwa na wenzake.

Mvutano huo si mpya. Luka anatusimulia katika sura ya kwanza kwamba ndugu na majirani walitaka mtoto wa Elizabeti aitwe Zakaria, kama baba yake. Mama akakataa. Baba, aliyekuwa bubu, akaandika kibaoni kwamba mtoto ni Yohane. Waliokuja kuamua jina wakaondoka wakijiuliza mtoto huyu atakuwa mtu wa namna gani. Hilo ndilo swali ambalo koo zetu zingepaswa kuanza nalo.

Mama Kanisa naye hajatuacha gizani. Kanuni ya 867 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza, na waende kwa paroko mapema, hata kabla hajazaliwa. Wajibu huo ni wa wazazi, si wa kikao cha ukoo. Jina la mtakatifu na jina la babu yanaweza kukaa kwa mtoto mmoja. Pilau inaweza kungoja; ubatizo usingoje.

Na shangazi Mlutheri je? Msimamizi lazima awe Mkatoliki anayeishi imani yake, lakini Kanuni ya 874 inamruhusu Mkristo aliyebatizwa katika dhehebu lingine kusimama kando yake kama shahidi. Basi asiachwe kukaa benchi la nyuma kama mgeni.

Hatusemi kwamba bibi Mlutheri hataumia. Huenda akaumia, na kumcheka au kumpuuza ni dhambi. Aelezwe kwa heshima kwamba Kanisa Katoliki linautambua ubatizo alioupokea yeye mwenyewe, na halimbatizi tena Mlutheri anayejiunga nalo. Mjukuu wake hapewi kitu kigeni. Anamwagiwa maji katika jina lilelile la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Nasi tunaojiandaa kuwa mapadre tujifunze kubisha hodi katika nyumba zote mbili kabla ya siku ya ubatizo. Ndoa iliwafanya wazee hao wakwe, wanaoheshimiana kwa mbali. Mtoto amewafanya wote kuwa babu na bibi wa mtu mmoja. Tuwasaidie wamwombee pamoja.