Kuku wa nchi za baridi wapewe maji, si taa

Mfugaji wa Kenya akiambiwa kwamba kuku anaweza kuona kiu mbele ya chombo kilichojaa maji, atadhani anafanyiwa mzaha. Lakini katika jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako ndugu zetu wengi wamehamia, jambo hilo ni la kawaida kati ya Desemba na Februari. Kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, pengine hata 30, na maji yaliyotiwa asubuhi hugeuka barafu kabla ya adhuhuri. Kuku hudonoa barafu hiyo, akachoka, akaondoka.

Baadhi ya wanaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba, wakiona hali hiyo, hukimbilia kununua taa kubwa ya joto na kuining'iniza bandani. Kwa maoni yangu, huko ni kutibu ugonjwa usiokuwapo na kuuacha uliopo. Kuku aliyekomaa ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na manyoya yake ni blanketi tosha. Akilala pakavu, pasipopenya upepo, huvumilia baridi kuliko tunavyodhani. Asichoweza kuvumilia ni kiu.

Kuku wa mayai hunywa takriban robo lita ya maji kwa siku, na zaidi ya nusu ya yai ni maji. Akikosa maji hupunguza kula, na asipokula, joto la mwili wake litatoka wapi? Si ajabu basi kwamba kutaga nako hukoma.

Isitoshe, taa yenyewe ni hatari. Banda ni la mbao, sakafu imetandazwa maranda au nyasi kavu, na vumbi limetanda kote. Kuku akiuparamia waya, taa ikaanguka, moto utakaozuka utawateketeza kuku wote na huenda ukairukia nyumba ya mwenyewe. Wazimamoto wa huko hawachoki kuonya. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga.

Yafaa basi joto lielekezwe kwenye maji. Mwenye umeme wa kutegemewa na anunue kisahani cha umeme kinachowekwa chini ya chombo, ambacho hujiwasha chenyewe baridi inapozidi. Asiye nao na awe na mabeseni mawili ya mpira: moja likiwa bandani, jingine liwe ndani ya nyumba likiyeyuka. Mpira haupasuki, ukilipindua beseni na kulikanyaga, barafu hutoka. Maji ya uvuguvugu yapelekwe asubuhi, mchana na jioni. Usiku chombo kiachwe kitupu, kwani kuku hanywi gizani. Tena maji yasimwagikie ndani ya banda, maana unyevunyevu ukikutana na baridi hudhuru vilemba vya jogoo. Wanaoshauri kutia chumvi ili maji yasigande wapuuzwe: chumvi nyingi ni sumu kwa kuku.

Hata sisi tuna la kujifunza. Huko Kinangop na Molo sakitu huonekana asubuhi nyingine za Julai, na wapo wanaowatilia vifaranga maji baridi kama barafu huku wakiwawekea jiko la makaa ndani ya kibanda kilichofungwa kila upande. Jiko hilo ni ndugu wa ile taa: huchoma, na hewa yake huua kimyakimya. Kifaranga ahitaji joto, naam, lakini lisimamiwe, kibanda kipitishe hewa, na maji yake yapashwe kidogo.

Nitaambiwa kwamba kubeba maji mara tatu kwa siku katika theluji ni kazi ya kuchosha. Ni kweli. Lakini kuku aliyefungiwa hawezi kwenda mtoni. Aliyemfungia ndiye aliyejitwika mzigo wa kumnywesha, na asiyeuweza na aache kufuga.