Nyumba za Amu, Wapangaji Wake na Msamiati Tunaoutafuta

Kila mwaka, pindi mihula inapofungwa, idara zetu za Kiswahili huwatuma wanafunzi wa uzamili pwani kwenda kukusanya data. Wapo waendao Mombasa, wapo wafikao Pate na Siyu, na wengi wetu huishia Lamu, au Amu kama wenyewe wanavyoiita. Tunakwenda na madaftari na vinasa sauti, tunarudi na orodha za maneno, kisha tunaandika tasnifu. Jambo ambalo sijaliona likijadiliwa katika kurasa za jarida hili, wala katika semina zetu, ni swali dogo la maisha ya kila siku: tukifika huko tunalala wapi, na kabla yetu alikuwa akilala nani? Katika makala haya ninanuia kuonyesha kwamba suala la kodi ya nyumba katika mji wa kale si la wanauchumi na mawakili peke yao. Ni suala la lugha, nasi wanafunzi wa Kiswahili tumetia mkono.

Huenda msomaji akashangaa kwamba hoja hii inaletwa na mtu wa bara, tena mzawa wa Kimulot, mahali ambapo hakuna ukuta wa mawe ya matumbawe wala mlango wa nakshi. Naomba nianzie huko kwetu, maana ndiko nilikojua kuishi katika nyumba isiyo yako.

Kimulot iko Konoin, katika Kaunti ya Bomet, kwenye vilima vya chai vinavyoendelea hadi Kericho. Mama yangu alikuwa mchumaji wa chai katika shamba la kampuni, nasi tuliishi katika laini, yaani zile safu za nyumba zinazojengwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mlango wa kushoto walikuwa Wakisii, wa kulia Waluhya, ng'ambo ya bomba la maji Wajaluo, nasi Wakipsigis katikati. Lugha iliyotuunganisha ilikuwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha vitabu, tena mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa akikicheka waziwazi, lakini ndicho nilichokitumia kuomba chumvi na kugombania mpira, na bila hicho nisingefika katika idara hii. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, machafuko yalipoingia katika mashamba ya chai, majirani wale walikimbia. Baadhi yao walirudi, wengine hatukuwaona tena, na laini yetu ikawa inazungumza Kikipsigis zaidi kuliko awali. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Sikujua isimujamii ni nini, ila niliona kwa macho yangu lugha ikifungashwa pamoja na magodoro na masufuria.

Miaka michache baadaye mashine za kuchuma chai zilienea, kazi ya mama ikaisha, na nyumba ikaisha pamoja na kazi. Tulipewa siku chache. Tukahamia chumba cha mabati nyuma ya duka pale sokoni Kimulot, chumba ambacho kodi yake ilipanda kila Oktoba bonasi ya wakulima ilipotoka, ijapokuwa sisi hatukuwa na hata kichaka kimoja cha chai. Tangu hapo siwezi kuitazama nyumba nzuri bila ya kujiuliza anayeishi ndani yake anakaa kwa haki gani.

Nilifika Lamu mnamo Januari 2023. Dalali mmoja alinipatia chumba katika mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini ambako nyumba kubwa za mawe zimesongamana. Nilitakiwa kulipa shilingi 12,000 kwa mwezi, miezi mitatu kwa pamoja. Fedha zilitoka katika ruzuku ya utafiti, nikalipa bila kubishana, na hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa darasa. Unaingia kwa daka, pale penye viti vya mawe ambapo mgeni huketi bila kuingia ndani. Kisha tekani, ukumbi mdogo unaogeuka pembeni ili mpita njia asione ya ndani. Kisha kiwanda kilicho wazi kwa jua, halafu msana, halafu ndani, ambako ukuta umejaa zidaka zilizopangwa safu juu ya safu. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti ya mkoko, nayo haizidi mita 3 hivi. Juu ya kichochoro palikuwa na wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili ghorofani ili wanawake wa jamaa moja watembeleane bila kushuka njiani. Nilijaza daftari kwa siku mbili. Nilijiona mtafiti mkubwa aliyefika Amu.

Siku ya tatu alikuja bibi mmoja kuuchukua mtungi wake uliosahauliwa chini ya ngazi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, nami kwa furaha ya mwanafunzi nikamweleza kazi yangu na kumsifia ukumbi wa nyumba ile. Akanisahihisha kwa upole: hapo, mwanangu, ni tekani. Akanionyesha palipokuwa pakiwekwa mikeka, palipokuwa pakioshewa maiti kabla ya mazishi, na kidaka kimoja ambacho mamake alikitumia kwa msahafu tu. Katika nusu saa alinipa zaidi ya nilichokuwa nimekisoma katika mwaka mzima. Ndipo nikauliza alijuaje yote hayo. Alikuwa mpangaji wa nyumba ile kwa miaka zaidi ya ishirini, yeye, binti yake na wajukuu. Walikuwa wakilipa shilingi 5,000. Mwenye nyumba, ambaye naye alikuwa na madeni yake, aliwaambia kwamba kuna watu wa vyuo na wageni wanaolipa zaidi.

Watu wa vyuo, wasomaji wapendwa, ndio sisi.

Wiki iliyofuata nilimtembelea Wiyoni, nje ya mji wa kale. Wana vyumba viwili vya matofali ya saruji na paa la bati, vinafanana sana na kile cha kwetu Kimulot. Mjukuu wake wa miaka sita alinifungulia mlango, akaniambia bibi yuko nyuma, nipite kwenye koridoo. Koridoo! Mtoto hana kosa. Hakuna tekani pale, basi neno tekani alifanyie nini? Hakuna kiwanda, hakuna msana, hakuna wikio. Neno likikosa mahali pa kusimama halitetewi na kamusi. Kamusi hulihifadhi kama vile jumba la makumbusho linavyohifadhi kigae cha kaure, nacho kigae hakiliwi chakula tena.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna tunavyozoea kuuzungumzia urithi. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba mji huu, ambao umekaliwa kwa zaidi ya miaka 700, bado unatumika kama ulivyotumika zamani. Kwa maneno mengine, uliingizwa kwa sababu wenyewe wangali wakiishi humo. Lakini kanuni za uhifadhi zinahesabu kuta, milango, boriti na upana wa vichochoro. Haziwahesabu wapangaji. Ukiitoboa dirisha mpya nyumba ya karne ya kumi na nane utaulizwa, na ni sawa uulizwe. Ukiitoa humo familia iliyoijua kwa vizazi viwili, hakuna atakayekuuliza. Nyumba nyingi za mawe, Mkomani na hasa kule Shela, zimenunuliwa na watu wa mbali wanaozikalia wiki chache tu kwa mwaka. Kuta zao ni safi kuliko zilivyokuwa. Chokaa ni mpya, nakshi zimeng'arishwa, na miezi kumi haisikiki sauti ila ya mlinzi na redio yake.

Wanafunzi wa ushairi wanaifahamu Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa yamehamwa, akawaona ndege na popo wamechukua nafasi ya watu na vyombo vyao. Tunaufundisha utenzi huo kama onyo juu ya anasa za dunia, na ndivyo ulivyo. Lakini kila ninapousoma sasa nafikiri kwamba mahame ya zama zetu hayatambuliki kwa urahisi kama yale. Yana umeme, yana maji ya bomba, na mengine yana bwawa la kuogelea juu ya dari.

Je, sheria inasemaje? Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inayomkinga mpangaji wa makazi asipandishiwe kodi wala kufukuzwa kiholela. Niliisoma kwa hamu, kisha nikafika mahali inapotaja nyumba isizozihusu. Haizihusu nyumba ambazo kodi yake rasmi inazidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Shilingi 2,500! Bibi wa Mkomani alikwishatoka nje ya uzio huo zamani. Haizihusu vilevile nyumba ambazo mtu anakaa kwa sababu ya kazi yake, yaani laini za chai. Kwa hivyo mama yangu na bibi yule, ambao hawajuani na wametenganishwa na nchi nzima, wameachwa nje na kifungu kimoja cha sheria moja. Wakati huohuo maduka, hoteli na mikahawa yana sheria yao, Sura ya 301 ya mwaka 1965, inayomtaka mwenye jengo atoe notisi isiyopungua miezi 2 na kumruhusu mpangaji kwenda mbele ya baraza la usuluhishi. Mkahawa wa kumuuzia mtalii sharubati una kinga, ilhali chumba anacholala mpishi wake hakina.

Najua nitaambiwa kwamba ninamwonea mwenye nyumba. La hasha. Nyumba ya matumbawe ni mzigo. Inataka chokaa, inataka boriti, inataka fundi anayeijua kazi, na kanuni za uhifadhi haziruhusu njia za mkato za saruji. Mwenye nyumba anayepokea shilingi 5,000 hawezi kubadilisha hata boriti za chumba kimoja. Tena tunao mfano wa Mji Mkongwe wa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilizitaifisha nyumba nyingi, familia zikapewa vyumba kwa kodi ndogo sana. Watu walipata makazi, na hilo si jambo dogo. Lakini kodi haikutosha matengenezo, wala hapakuwa na mtu mmoja aliyeona dari ni yake, na nyumba kadhaa ziliporomoka. Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985, na mji ukaingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000. Tangu hapo majumba mengi yamegeuka hoteli. Kodi ndogo pasipo fedha za ukarabati huiua nyumba polepole. Kodi ya soko huitunza nyumba na kumtoa mtu. Yeyote asemaye kwamba jibu ni rahisi hajawahi kukaa chini ya dari inayovuja.

Hata hivyo pwani yenyewe ina mfano wa zamani ambao sioni ukichukuliwa kwa uzito unaostahili, nao ni wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi. Kodi yake, kwa asili, ilikusudiwa kuutunza msikiti, au jamaa, au maskini, na kuitunza nyumba yenyewe. Wasimamizi wamelaumiwa mara nyingi, Unguja na Mombasa pia, na pengine kwa haki. Lakini mtindo wenyewe unajua jambo ambalo sheria ya mkataba haijui: kwamba nyumba inaweza kuwa na wajibu kwa watu wasiokuwa mwenye nyumba. Ikiwa serikali ya kaunti na wafadhili wanaweza kukarabati mlango mmoja wa nakshi kwa gharama kubwa, wanaweza pia kumsaidia mwenye nyumba kununua boriti kwa sharti kwamba mpangaji wake abaki kwa kodi iliyokubaliwa kwa miaka kadhaa. Na kile kiwango cha shilingi 2,500 hakina budi kurekebishwa. Nilipowataja wanasheria wenzangu wa chuo walicheka, wakidhani ni kosa la chapa.

Kwa upande wetu, sioni sababu ya idara na vyama vya Kiswahili kukaa kimya katika mambo haya. Tumezoea kuandikia barua magazeti juu ya makosa ya sarufi katika mabango ya barabarani. Sijawahi kuona barua ya chama cha Kiswahili kuhusu kodi ya nyumba Mkomani. Na kabla ya barua, tuanze na mwenendo wetu. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani aweza kukaa na familia inayopanga, akachangia kodi yake badala ya kuishindania. Idara inayotuma wanafunzi watano kila mwaka yaweza kuingia mkataba na kaya moja au mbili, ikalipa kwa msimu, na kaya ikabaki mahali pake. Fedha za ruzuku ni zilezile.

Mimi sikufanya hivyo. Nilikaa miezi yangu mitatu katika chumba cha bibi, kwa sababu nilikuwa nimekwishalipa na dalali alikataa kurudisha. Kila Ijumaa nilikwenda Wiyoni na daftari, naye alinieleza nyumba niliyokuwa nikilala mimi. Tasnifu ingali kwa msimamizi. Katika sura ya nne, kwenye jedwali la msamiati, nimeongeza safu mbili ambazo hakuniagiza: mahali alipokuwa akiishi aliyenipa neno, na mahali anapoishi sasa. Msimamizi ameziwekea alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, na Jumatano ijayo nitakwenda ofisini kwake kuzitetea.