Kiranja Hapotezi Muda

Kila shule zinapofunguliwa, wazazi wengi huwaaga watoto wao wa sekondari kwa wosia mmoja: "Umekwenda kusoma. Mambo ya uongozi waachie wengine." Wosia huo hutoka kwenye mapenzi, na wanaoutoa wanajua ada inavyopatikana kwa jasho. Hata hivyo, umesimama juu ya dhana isiyo sahihi, kwamba ukiranja, midahalo, klabu na kamati za mahafali ni mambo ya pembeni yanayokula muda wa masomo.

Tuwatendee haki wenye dhana hiyo. Hoja zao ni tatu. Kwanza, mtihani wa Kidato cha Nne haumuulizi mtu kama aliwahi kuwa kiranja wa usafi. Pili, kiranja huishia kuwa mnoko, kazi yake kuandika majina ya wenzake na kuyapeleka kwa mwalimu wa zamu. Tatu, mfumo wenyewe ni urithi wa mkoloni. Kila hoja ina ukweli ndani yake, lakini hakuna inayotosha kuhalalisha wosia ule.

Nianze na ya tatu. Ni kweli kwamba Shule ya Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920, ilikusudiwa watoto wa machifu, na ukiranja ulikuwa mazoezi ya kutawala kwa niaba ya Waingereza. Lakini shule hiyohiyo ilikuwa na chama cha midahalo, na Julius Nyerere, aliyejiunga nayo mwaka 1937, alikuwa mmoja wa washiriki. Walimu walitaka awe kiranja mkuu. Mkuu wa shule akakataa kwa sababu kijana huyo alikuwa mpole mno. Kosa basi lilikuwa katika kipimo: uongozi ulipimwa kwa ukali. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, yule aliyeonekana mpole mno, sasa akiwa Rais wa nchi, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule yao, wajifunze kutokana na matokeo ya maamuzi yao. Alipokea chombo cha mkoloni akakipa kazi nyingine.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1999, katika shule moja ya wavulana huko Nyeri, Kenya, viranja wanne walikufa baada ya wanafunzi wenzao kuwachoma moto vyumbani mwao usiku. Hakuna anayeweza kusoma habari hiyo akasema mfumo ule ulikuwa salama. Mwaka 2008 wimbi la vurugu lilizikumba tena shule nyingi za nchi hiyo. Ingekuwa rahisi kufuta uongozi wa wanafunzi kabisa. Badala yake, kuanzia mwaka 2009, Kenya ilijenga mabaraza ya wanafunzi ambamo viongozi huchaguliwa kwa kura za wenzao. Sidai kwamba kura zimemaliza vurugu, kwa maana shule zimeendelea kuungua. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: aliyeteuliwa na walimu pekee huwajibika kwa walimu pekee, ilhali aliyechaguliwa hulazimika kurudi bwenini na kueleza alichokisema ofisini. Unoko hukua pale ambapo kiranja hana deni kwa wenzake.

Imebaki hoja ya kwanza, ile ya mtihani na muda, na hii ndiyo inayowagusa wazazi zaidi. Nakubali kwamba saa inayotumika kwenye kikao haitumiki kwenye kitabu. Lakini tuangalie kinachofanyika katika saa hiyo.

(a) Chukua shule ya bweni yenye wanafunzi 400. Ikiwa kila mmoja atakula nusu kilo ya unga kwa siku, kilo 200 zitatoka stoo kila siku. Kiranja wa chakula anayesimama pembeni ya mizani na kusaini daftari anajifunza hesabu ambayo makosa yake huonekana kwenye sahani za wenzake jioni ileile.

(b) Kwenye mahafali, mwanafunzi husimama mbele ya mgeni rasmi, wazazi na mkuu wa shule, akasoma risala ya wahitimu: walimu wa sayansi hawatoshi, maji yanakatika, bweni linavuja. Kutaja upungufu wa wakubwa mbele yao, kwa heshima na bila kutetemeka, ni ujuzi ambao wengi wetu tumezeeka bila kuupata.

(c) Mwaka 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall jijini Dar es Salaam kuzungumzia mazingira yao. Kikao hicho kilizaa Roots & Shoots, mpango wa vijana ambao leo umeenea katika nchi nyingi duniani. Kikao kile nacho kilikuwa "mambo ya pembeni".

Bado nakubali kwamba upo mtoto anayelemewa, na huyo apunguziwe mzigo. Lakini dawa ya mzigo mkubwa ni kuugawa: vyeo vizungushwe, zamu ziwe fupi, na kila mwanafunzi ashike jambo moja walau mara moja kabla ya kumaliza shule.

Mzazi, mwanao akirudi likizo na kukuambia amechaguliwa monita, usimuulize kwanza ameshuka nafasi ngapi darasani. Muulize amekabidhiwa nini, na anawajibika kwa nani. Majibu yake yatakuonyesha kama shule inamlea kuwa kiongozi au mnoko.