Muziki yetu, mizani iko kwa nani?

Mwezi wa kumi na mbili ukifika, magazeti ya Ulaya na Marekani yanaanza kutoa liste zao: albamu 50 bora za mwaka, orkestra 100 bora za rock, toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Hapa Bukavu vijana wanaopiga gitare wanazisoma kwa telefone, wanabishana mpaka usiku, kisha wanatuuliza: hawa watu wanapimaka na nini? Swali ni la vijana wa Kadutu, lakini tunaona wachimbaji wanaotusoma kule Kamituga, Nyabibwe na Nzibira watalielewa mbele ya wengine wote. Muchimbaji anajua vile mutu anatoa mali ndani ya udongo kwa mikono yake, kisha mutu mwingine njo anasema ni ya bei gani.

Kwa kasiterite, hata mukigombana na négociant, kuko teneur. Mashine ya comptoir itatoa asilimia, hata kama unaishuku mashine yenyewe. Muziki haina teneur. Kuko tu mutu anayesikiliza, halafu anaandika. Hao ni wahakiki, wale Kifaransa kinaita critiques. Kuuza ni jambo ingine: orkestra inaweza kuuza diski mamilioni na isionekane kwa liste, na ingine iuze kidogo lakini ikae juu miaka na miaka, kwa sababu wanaoandika wanaipenda.

Namna ya kuhesabu si siri kubwa. Gazeti la New York, Village Voice, lilikuwa na kura yake ya wahakiki: kila mumoja alipewa alama 100, azigawe kwa albamu 10. Albamu moja haikupita alama 30, haikushuka chini ya 5. Ni kama PDG wa shimo anavyogawa mifuko kwa timu, hakuna anayekosa kabisa, hakuna anayebeba yote. Leo kuko Metacritic kwa intaneti, inachukua alama za magazeti mengi na kutoa hesabu moja juu ya 100. Lakini magazeti hayana uzito sawa. Mengine yanahesabiwa zaidi, na uzito huo hawauonyeshi mutu. Aliyesimama siku moja mbele ya mizani ambayo uso wake umegeukia upande wa munuzi, hatuna lazima ya kumueleza.

Tena mizani yenyewe inabadilika. Mwaka 1969 gazeti Rolling Stone la Marekani liliiponda albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, vijana wa Uingereza. Mwaka 2003 gazeti lile lile likaiweka nambari 29 kati ya albamu 500 bora za wakati wote. Kwa liste hiyo ya 2003, nambari moja ilikuwa Sgt. Pepper ya Beatles. Mwaka 2020 wakapigisha kura upya, watu zaidi ya 300, wanamuziki, waandishi, watayarishaji. Sgt. Pepper ikaanguka mpaka nambari 24, na Marvin Gaye akapanda juu kabisa na What's Going On. Diski hizo hazikuongezwa wala kupunguzwa sauti hata moja. Waliobadilika ni watu walioketi mezani.

Sasa turudi Kongo, kwa sababu meza hiyo ilishakutana na sisi.

Mzee Mingiedi Mawangu alianzisha Konono N°1 kule Kinshasa katika miaka ya 60. Alikuwa anapiga likembe, muziki ya Wazombo wa upande wa mupaka wa Angola. Lakini Kinshasa ni muji wa kelele, likembe haisikike. Basi akatengeneza mikro zake mwenyewe kwa kutumia sumaku za vipande vya magari ya zamani, akaunganisha na haut-parleur. Sauti ikatoka kubwa, yenye kukwaruza. Kukwaruza huko hakukuwa mutindo. Ni vile vyombo vilivyopatikana vilikuwa vinalia.

Mubelgiji mumoja, Vincent Kenis, alisikia muziki hiyo kwa radio ya Ufaransa, akawatafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2004 albamu Congotronics ikatoka kwa Crammed Discs ya Brussels. Wahakiki wa rock wakashangaa. Katika ule mukwaruzo walisikia punk, walisikia muziki ya mashine ya kwao. Mwaka 2006 BBC ikawapa prix ya muziki ya dunia. Kwa upande gani? Upande wa wapya.

Tusimame hapo kidogo. Orkestra yenye zaidi ya miaka 30, iliyochezesha ndoa na matanga tangu vijana wa leo hawajazaliwa, ikaitwa mupya. Kwa mizani ya London, kitu kinazaliwa siku kinapofika London. Ni kama mufuko wa kasiterite usiokuwa na étiquette: mawe ni yale yale, jasho ni lile lile, lakini mbele ya kufungiwa kile kikaratasi hauhesabiwi kwamba uko.

Hatusemi sifa hiyo ilikuwa bure. Mwaka 2007 Konono walisikika kwa albamu ya Björk. Mwaka 2011 wimbo waliofanya na Herbie Hancock na wengine ukapata Grammy, na mwaka huo huo wakapanda jukwaani Ulaya pamoja na wanamuziki wa rock katika safari iliyoitwa Congotronics vs Rockers. Mzee Mingiedi alikufa mwaka 2015 akiwa ameona hayo yote. Bila wale walioandika, visa zile zote zingetoka wapi? Muhakiki anafungua mulango, hilo tunalikubali.

Lakini mulango si nyumba. Angalieni Staff Benda Bilili, wengi wao walemavu wa polio, waliokuwa wanarudilia nyimbo zao katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, pamoja na kijana Roger Landu aliyejitengenezea chombo cha uzi mumoja kwa kopo. Albamu Très Très Fort ilitoka 2009, prix ya WOMEX mwaka ule ule, filamu yao ikaonyeshwa Cannes 2010. Mwaka 2013 orkestra ikapasuka, safari ya kwenda kupiga ng'ambo ikafutwa. Hatuingii katika mabishano yao. Tunasema tu kwamba alama tano juu ya tano hazikuwafundisha namna ya kugawana. Wawili kati yao, Coco na Theo, wakaanza Mbongwana Star, na mwaka 2015 wahakiki wakaanza kusifu tena, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mutu atasema: basi tutengeneze liste yetu. Ni kweli, na kuna mufano. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba kati ya urithi wa dunia, na faili yake iliandaliwa na Kongo zote mbili. Hatukungoja muhakiki wa Paris. Lakini kwa orkestra za kila siku, mizani ya hapa kwetu ina ugonjwa wake. Tunajua wote mabanga: tajiri anatoa makuta, jina lake linaimbwa. Libanga kwa Lingala ni jiwe, na muchimbaji atacheka, kwa sababu hilo ni jiwe linalolipa bila kuchimbwa. Na sisi waandishi hatuko safi. Coupage, ile bahasha tunayopewa kisha concert, njo inaandika habari nyingi za muziki katika inchi hii. Orkestra yenye bahasha nzito inakuwa nambari moja wiki hiyo. Muhakiki wa London anaweza kuwa na sikio la kwao tu, lakini angalau yule anayempima hamulipie bia.

Matokeo yake yanaangukia vijana wa hapa. Akipiga vizuri na hana makuta, radio za muji zinanyamaza. Anabakia na njia moja: atengeneze sauti ambayo mugeni ataipenda, hata kama mama yake ku Bagira haitambui.

Kwa hiyo ukurasa huu unaanza na kitu kidogo. Tukienda kusikiliza orkestra, ku Ibanda ama kule carré, tutalipa tiketi yetu, na bahasha tutairudisha. Na ninyi mulioko kwa mashimo, mutuandikie: siku ya posho, orkestra gani inawainua kwenye viti, na juu ya nini.